Nani analipa, na analipia nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ufadhili wa utafiti wa pamoja wa chanjo na dawa

Nafanya kazi katika ofisi ya miradi ya taasisi ya utafiti wa afya hapa Tanzania. Tunaandika maandiko ya kuomba ruzuku, tunatunza hesabu zake, na tunapokea simu. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mwezi: ya wauguzi, ya wanafunzi, ya wenyeviti wa vijiji, ya waandishi wa habari, na ya wazazi walioombwa kumwingiza mtoto kwenye jaribio. Nimeyapa namba ili lililojibiwa mahali pamoja nisilirudie pengine.

## Ya mwanzo

1. Utafiti wa pamoja ni nini? Kwani upo utafiti wa mtu mmoja?

Wingi wa watu si hoja. Utafiti huwa wa pamoja pale taasisi za nchi kadhaa zinapofuata itifaki moja, zinapopima kwa vipimo vilevile, na kuweka majibu yao kwenye kapu moja. Mfano ulio karibu nasi ni jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza 2009 na kumalizika 2014. Liliandikisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7. Korogwe na Bagamoyo vilikuwemo. Kilifi, Kombewa na Siaya vilikuwemo upande wa Kenya.

Kwa nini vituo vyote hivyo? Kwanza, kituo kimoja kingehitaji miaka mingi kupata idadi hiyo ya watoto. Pili, malaria ya Korogwe si malaria ya Burkina Faso: mbu ni wengine, misimu ni mingine, hata lishe ya watoto inatofautiana. Chanjo iliyofanya kazi sehemu moja tu bado haijajibu swali.

2. Pesa zinatoka mifuko ipi?

Mkubwa ni wa umma: walipa kodi wa Marekani (hasa kupitia taasisi zao za taifa za afya, NIH), wa Umoja wa Ulaya na wa Uingereza. Unafuata mfuko wa wakfu, ambako majina mawili hayakosekani, Wellcome ya London na Gates Foundation ya Seattle. Wa tatu ni wa kampuni za dawa, na wa nne ni wa serikali zetu wenyewe (huo una swali lake, la 18).

Katikati wapo wanaopokea fedha za mifuko hiyo na kuzielekeza kwenye ugonjwa au bidhaa fulani. DNDi, iliyoanzishwa 2003, inashughulikia magonjwa yaliyosahauliwa, na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ni mmoja wa waanzilishi wake. MMV inatafuta dawa za malaria, TB Alliance za kifua kikuu, IAVI chanjo ya VVU. CEPI, iliyozinduliwa Davos Januari 2017 baada ya aibu ya Ebola ya Afrika Magharibi, inalipia chanjo za magonjwa ya mlipuko kabla mlipuko haujafika.

Gavi (ya chanjo) na Global Fund (ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria) watu huwachanganya na hawa. Hao kwa sehemu kubwa ni wanunuzi na wagawaji, wanaingia jibu likishapatikana.

3. EDCTP ni nini hasa? Kila semina naisikia.

Ni ushirika wa nchi za Ulaya na za Afrika kusini mwa Sahara wa kulipia majaribio ya kitabibu. Ulianza 2003 ukiwa na nchi 16 za Ulaya, na Umoja wa Ulaya ukaweka yuro milioni 200. Awamu ya pili ilianza 2014, safari hii Umoja wa Ulaya ukiahidi hadi yuro milioni 683. Awamu ya tatu iliundwa kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya Novemba 2021, ikaanza na ahadi ya hadi yuro milioni 800, nchi wanachama nazo zikitakiwa kuleta mchango wao. Ofisi zamani zilikuwa The Hague na Cape Town. Ya awamu hii iko Brussels.

Nchi za Afrika ni wanachama, na wanachama wana kura. Tanzania na Uganda wamo. Magonjwa yanayolipiwa ni VVU, kifua kikuu, malaria, magonjwa ya kuhara, maambukizi ya njia ya hewa, magonjwa yaliyosahauliwa kama kichocho na malale, magonjwa ya mlipuko, pamoja na usugu wa vimelea kwa dawa. Kisukari na saratani havimo. Kila mwaka kuna daktari anayeniletea andiko zuri la kisukari, nami namrudisha kwa heshima zote.

4. Si bora pesa hizo zinunue dawa tu? Zahanati yetu haina hata paracetamol.

Swali hili nalipenda na sina jibu la mkato. Pesa ya utafiti hainunui dawa. Inanunua jibu. Tatizo ni kwamba majibu mengi hayauzwi dukani.

Chukua kichocho. Prazikwanteli ipo tangu miaka ya 1970, ni rahisi, na inafanya kazi. Lakini ilitengenezwa kwa wakubwa na watoto wa shule. Muuguzi mmoja wa kanda ya ziwa aliwahi kunionyesha anavyomhudumia mtoto wa miaka 3: anavunja kidonge kikubwa kwa kisu, anasaga kipande kwenye kijiko, anachanganya na uji, mtoto anaonja uchungu wake na kutema vyote. Nusu ipi imeingia, nusu ipi imebaki shatini, hakuna ajuaye. Ungenunua shehena nzima ya vidonge vile, mtoto yule angebaki bila tiba. Kilichokosekana kilikuwa kidonge kidogo kinachoyeyuka majini, kisicho na uchungu ule, na uthibitisho kwamba kinatibu. Hicho ndicho kilicholipiwa (swali la 14).

Uhaba wa paracetamol ni wa kweli na unauma, lakini ni wa kasma nyingine. Ruzuku ya utafiti ikikatwa, fedha zake haziendi kwenye zahanati yako.

5. Kampuni za dawa ni tajiri. Kwa nini zisilipe zenyewe?

Kwa sababu mgonjwa wa malale hana soko. Kwa miongo mingi malale iliyofika kwenye ubongo ilitibiwa kwa melarsoprol, dawa yenye arseniki iliyokuwa ikiua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliochomwa. Ilibaki kutumika kwa kuwa waliokuwa wakiumwa walikuwa wakulima wa Kongo, Uganda na Malawi. Hesabu ya biashara ilisema hapana, kwa hiyo ilibidi mtu asiye mfanyabiashara aweke fedha, kisha aiite kampuni ilete kiwanda. Hivyo ndivyo ilivyopatikana feksinidazoli, dawa ya vidonge: DNDi ikiongoza, kampuni ya Sanofi ikitengeneza.

## Pesa zinavyotembea

6. Mradi mmoja unakula mamilioni ya yuro. Yanaliwa na nini?

Watu hudhani ni mishahara ya wazungu na magari. Mishahara ni sehemu kubwa kweli, ila mingi ni ya wauguzi, wataalamu wa maabara, madereva na wahudumu wa jamii wanaofuatilia washiriki nyumba kwa nyumba kwa miaka miwili au mitatu.

Halafu kuna vile visivyoonekana. Bima ya washiriki. Mkaguzi anayesafiri kuhakikisha kilichoandikwa kwenye faili la mgonjwa ndicho kilichoingizwa kwenye kompyuta. Kamati huru ya wataalamu wanaofungua data katikati ya jaribio kuona kama kuna madhara. Barafu kavu ya kusafirishia sampuli. Majokofu ya nyuzi hasi 80, na jenereta ya kila jokofu, na dizeli ya kila jenereta. Bajeti imeandikwa kwa yuro lakini dizeli inanunuliwa kwa shilingi, na shilingi haisubiri mradi uishe.

Katika ruzuku za Umoja wa Ulaya za aina hii, gharama za moja kwa moja hulipwa zote, kisha huongezwa asilimia 25 kwa gharama za uendeshaji wa taasisi: umeme, ulinzi, uhasibu, ofisi kama yetu. Taasisi nyingi za kwetu hazijui kuzitetea hizo asilimia 25 mbele ya washirika, zikaishia kuendesha mradi wa watu kwa umeme wao.

7. Andiko linahitaji nini ili lipite?

Usianze kwa kuandika. Anza kwa kusoma wito (tangazo la mfadhili la kuita maandiko), neno kwa neno, maana maandiko mengi hufa kwa sharti la ukurasa wa tatu. Kwa kawaida wito wa EDCTP huhitaji taasisi zisizopungua tatu, zinazojitegemea, kutoka nchi tofauti za Ulaya na Afrika. Kila taasisi lazima iwe imesajiliwa kwenye mfumo wa Umoja wa Ulaya na kupewa namba yake ya tarakimu 9. Sajili mapema. Uhakiki wa nyaraka haufanyiki usiku wa tarehe ya mwisho.

Wahakiki hutoa alama kwa mambo matatu: ubora wa sayansi, manufaa yatakayotokea, na uwezo wa kuutekeleza mradi. Watafiti wetu hupata alama nzuri kwenye la kwanza na kupoteza kwenye la tatu. Andiko linasema "tutaandikisha wagonjwa 600 kwa miezi 12," lakini halisemi wagonjwa hao wanaonekana wapi. Nenda kwenye rejista ya kliniki, hesabu waliokuja mwaka jana, toa wasiokidhi vigezo, toa watakaokataa, ndipo uandike namba.

Na saini. Mwaka mmoja andiko letu la miezi minne lilikosa barua moja ya idhini kutoka ofisi ambayo siitaji. Mwenye muhuri alikuwa safarini, na muhuri ulikuwa kwenye droo yake. Tulikosa kwa siku 2. Tangu hapo barua zote naziomba kabla ya andiko lenyewe kuanza.

8. Sisi ni hospitali ya wilaya. Tunaweza kuingia?

Mnaweza, kama kituo chini ya taasisi kubwa. Kuingia peke yenu kama wapokeaji wa ruzuku ni kugumu, kwa sababu mfadhili atataka hesabu zilizokaguliwa, mfumo wa manunuzi na mtu wa kujaza karatasi za saa za kazi. Vituo vinavyojulikana leo vilianza vidogo. Bagamoyo, Mbeya, Moshi na Korogwe havikushushwa kutoka mbinguni vikiwa na maabara. Jaribio moja lililipia jengo, la pili likalipia mafunzo, la tatu likakuta watu wapo.

Ushauri wa bure: dai kwa maandishi mradi utaacha nini kwenu (swali la 19).

9. Mkuu wa mradi lazima awe Mzungu?

Hapana, na miradi mingi sasa inaongozwa kutoka Afrika. Lakini tusijidanganye: anayeratibu ndiye anayeshika mkoba, na mkoba ukishikwa Ulaya, kituo cha Afrika husubiri malipo yapite kwanza benki ya mwenzake. Nimeona kituo kikikopa mafuta ya gari kwa miezi 3 kwa sababu hiyo. Kama una uwezo wa kuratibu, ratibu.

10. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu. Kuna langu?

Lipo. Wafadhili kama Wellcome hutoa ruzuku za mtu binafsi kwa watafiti wa Afrika, kwa ngazi tofauti. Kwa uzamivu wenyewe njia ya kawaida ni kuajiriwa ndani ya mradi mkubwa ambao bajeti yake tayari ina nafasi za masomo. Muulize mtafiti mkuu wa kituo kilicho karibu nawe, usisubiri tangazo.

## Wodini na kijijini

11. Washiriki wanalipwa?

Hawalipwi kama vibarua. Wanarudishiwa nauli na kufidiwa muda wao, na kiasi hupitishwa na kamati ya maadili. Kikiwa kikubwa mno, kinageuka kishawishi na mtu anakubali asichokielewa. Kikiwa kidogo mno, mama anaingia hasara ya siku nzima sokoni. Kamati zetu huvutana sana hapo, na nadhani mara nyingi huangukia upande wa ubahili.

Ridhaa ni hiari mwanzo hadi mwisho. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa mradi, kisha anaweka dole gumba, na nakala anaondoka nayo. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu na matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Ukidhurika kwa sababu ya jaribio, mradi unakutibu na bima inawajibika. Muulize anayekusomea fomu akuonyeshe aya hiyo kwa kidole.

12. Damu yetu inakwenda wapi?

Hofu hii ni kongwe. Watu wa pwani walikuwa na neno lake kabla ya taasisi yoyote ya utafiti kuwapo: mumiani. Anayeicheka hajawahi kusimama mbele ya mkutano wa kijiji akiwa na sanduku la mirija.

Mwenzangu mmoja wa idara ya jamii haendi mkutanoni bila kijiko cha chai na glasi ya maji. Mtu akisema "mnatoa lita," anachota kijiko kimoja, anakiinua wakione, anakimimina mkononi mwa mwenyekiti. Mililita 5. Kisha anasema kwa kila safari ni vijiko vingapi, na kwa mradi mzima ni vingapi. Minong'ono haiishi, ila inakuwa na kipimo.

Sampuli nyingi hupimwa papo hapo au kwenye maabara ya taifa. Zinazotoka nje ya nchi huhitaji kibali na mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema zinakwenda wapi, kufanya nini, na kukaa muda gani. Kutumika kwa jambo jingine baadaye ni ridhaa nyingine, na fomu nzuri huiweka kwenye kisanduku chake peke yake.

Na damu hiyo yaweza kuwa dawa. Dawa ya Ebola iliyoitwa mAb114 ilitokana na kingamwili za mtu aliyenusurika mlipuko wa Kikwit, Kongo, wa 1995. Hadithi yake inaendelea kwenye swali la 14, na sehemu isiyopendeza iko swali la 16.

13. Kwa nini majaribio yaje Afrika? Sisi ndio panya wao?

Malaria ya watoto iko huku. Chanjo yake ukiijaribu Ubelgiji utapata watoto wasioumwa waliochanjwa na watoto wasioumwa wasiochanjwa. Hata hivyo hatua za mwanzo, za usalama kwa watu wachache, mara nyingi hufanyika kwanza kwa watu wazima wa nchi inakotoka chanjo. RTS,S ilijaribiwa kwa Wamarekani wazima kabla haijamgusa mtoto wa Kiafrika.

Swali kali kuliko hilo, ambalo mtu anapaswa kuuliza, ni hili: chanjo ikifaulu, itafika kijiji hiki au itaishia kwenye jarida? Kamati ya maadili isiyoliuliza haijafanya kazi yake.

## Yaliyopatikana, yaliyokwama

14. Nitajie vitu vilivyopatikana, si ahadi.

Chanjo za malaria. RTS,S ilipunguza malaria kwa takriban asilimia 36 katika miaka 4 kwa watoto waliopata dozi 4. Wengi walisema ni kidogo. Ikatolewa kwa majaribio katika kliniki za kawaida za Ghana, Kenya na Malawi tangu 2019, na WHO ikaipendekeza Oktoba 2021. Hesabu za baadaye za nchi hizo tatu zilionyesha vifo vya watoto wa umri uliolengwa vimeshuka kwa asilimia 13. Ukiniuliza mimi, asilimia 36 ya ugonjwa unaojaza wodi nzima si kidogo. Ya pili, R21, ilijaribiwa kwa watoto wapatao 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kilifi na Bagamoyo, na kupendekezwa Oktoba 2023.

Kichocho cha watoto wadogo. Kidonge cha arprazikwanteli kilijaribiwa Côte d'Ivoire na Homa Bay, Kenya, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6, EDCTP ikiwa mmoja wa wafadhili. Desemba 2023 wakala wa dawa wa Ulaya ulikipa maoni mazuri. Yule muuguzi wa swali la 4 nilimtumia habari hiyo kwa WhatsApp. Alijibu kwa neno moja: "Lini?"

Homa ya uti wa mgongo ya fangasi, inayoua wenye VVU. Tiba ya zamani ilikuwa sindano ya mishipa kila siku kwa wiki nzima, ikichosha figo na wauguzi. Jaribio la AMBITION, lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, liliuliza kama dozi moja kubwa ya dawa ya fangasi, amfoterisini ya aina ya laiposomu, ikisindikizwa na vidonge vya siku 14, inatosha. Baada ya wiki 10 walikuwa wamefariki asilimia 24.8 kwa tiba mpya na 28.7 kwa ya zamani. Matokeo yalitoka Machi 2022, na mwongozo wa WHO ukabadilika mwaka huohuo. Sijaona mara nyingi karatasi ikigeuka mwongozo kwa kasi ile.

Ebola. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019 wagonjwa 681 waliingia kwenye jaribio la dawa 4 huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, mashariki mwa Kongo, risasi zikilia na vituo vikishambuliwa. Lilisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa wazi: waliopewa mAb114 walifariki asilimia 35, waliopewa REGN-EB3 asilimia 33.5, huku wa dawa mbili nyingine wakifariki karibu nusu au zaidi. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa miongoni mwa waliouchunguza ugonjwa huo tangu mlipuko wa kwanza wa 1976, alikuwa kati ya viongozi wa jaribio.

Yanayoendelea: chanjo ya kifua kikuu ya M72. BCG tunayochanja watoto ni ya 1921. M72 iliingia hatua ya tatu Machi 2024, kwa watu hadi 20,000 wa Afrika na Asia, Kenya ikiwemo. Wellcome na Gates Foundation ndio walioahidi kulipa, takriban dola milioni 550. Kama swali la 6 halikukushtua, namba hiyo ikushtue.

15. Jaribio likishindwa, pesa zimepotea?

Hapa ndipo ninapogombana na wanasiasa. Jaribio la REMoxTB liliuliza kama kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi 4 badala ya 6 kwa kuingiza dawa ya moksifloksasini. Wagonjwa 1,931, na Mbeya na Moshi zilichangia. Mwaka 2014 jibu likatoka: hapana, ugonjwa ulirudi zaidi. Magazeti yaliandika "lashindwa."

Halikushindwa. Liliuliza swali, likajibiwa. Bila hilo "hapana," daktari fulani angeanza kuwapunguzia wagonjwa miezi kwa matumaini. Mwaka 2021 swali lilelile likaulizwa kwa mchanganyiko mwingine, moksifloksasini pamoja na rifapentini, na miezi 4 ikatosha. Jaribio linaloshindwa kweli ni lile lisilopata washiriki wa kutosha, likafungwa bila ndiyo wala hapana. Hilo ndilo hasara, na ndiyo sababu ya ukali wangu kwenye swali la 7.

16. Dawa ikipatikana, ni ya nani? Na bei?

Kwa kawaida hakimiliki hubaki kwa aliyeleta molekuli au chanjo, na mfadhili makini huweka masharti ya upatikanaji kwenye mkataba kabla ya senti ya kwanza kutoka. R21 ni ya Chuo Kikuu cha Oxford, inatengenezwa na Serum Institute ya India, na wakati inapendekezwa bei ilitajwa kuwa dola 2 hadi 4 kwa dozi.

Masharti yakisahaulika, hutokea kama ya mAb114. Kingamwili ni za Mkongo, jaribio ni la Kongo, leseni ikaenda kwa kampuni ya Florida, na akiba kubwa ikawekwa na serikali ya Marekani kwa tahadhari ya nchi yake. Ukiandaa andiko, omba kuona kifungu cha upatikanaji. Usipokiona, usitie saini.

## Visa vya pembeni

17. Mfadhili akijitoa katikati, washiriki wanakuwaje?

Hili lilikuwa swali la nadharia hadi Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Wapo washiriki waliobaki na vifaa vya majaribio mwilini huku wahudumu wakiamriwa wasifanye kazi. Mradi wa BRILLIANT wa chanjo ya VVU, ulioongozwa na wanasayansi wa Afrika wenyewe na kufadhiliwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, kwa zaidi ya dola milioni 45, ulisimama jaribio lake la kwanza likikaribia kuanza. Mei mwaka huohuo NIH nayo ikasitisha utaratibu wa kupitisha ruzuku ndogo kwa taasisi za nje.

Kimaadili mshiriki hatupwi. Tamko la Helsinki linataka mpango wa baada ya jaribio uandikwe kabla halijaanza. Kivitendo anayebaki naye ni kituo chake, kwa fedha zake. Siku hizi andiko letu lina aya ya gharama za kufunga jaribio kwa usalama, na fungu hilo hatuligusi kwa jambo jingine.

18. Serikali zetu zinachangia chochote?

Zinachangia zaidi ya inavyodhaniwa na pungufu ya zilivyoahidi. Mishahara ya watumishi wa umma, wodi na maabara za taifa vinahesabika kama mchango, na EDCTP huvitambua. Kwa fedha taslimu, viongozi wa Afrika waliahidi Abuja 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Umoja wa Afrika unalenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Nchi zilizofika huko hazijazi meza moja ya chai. Asiyechangia fedha hachagui swali.

Vibali hata hivyo ni vyetu. Tanzania Bara unapita kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), TMDA (mamlaka ya dawa) kwa dawa na chanjo, na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kwa mtafiti mgeni. Zanzibar ina kamati yake ya ZAHREC, kwa hiyo kibali cha Dar es Salaam hakivuki bahari. Kenya kuna tume ya sayansi, NACOSTI, na bodi ya dawa; Uganda kuna baraza la sayansi, UNCST, na mamlaka ya dawa, NDA. Jaribio la nchi kadhaa linaweza kuomba mapitio ya pamoja kupitia AVAREF, jukwaa la wadhibiti wa dawa na chanjo wa Afrika, ambayo huokoa miezi.

19. Mradi ukiisha, jokofu ni la nani?

Soma mkataba. Mara nyingi kifaa hubaki kwa taasisi iliyokinunua, kwa hiyo kama kilinunuliwa na mshirika wa Ulaya kikaletwa kwenu, hakikisha kuna hati ya makabidhiano. Sampuli zilizomo zina mmiliki na muda wake, kwa mujibu wa ridhaa (swali la 12). Ila kuna jambo moja ambalo mkataba hausemi: jokofu la nyuzi hasi 80 halizimwi. Mfadhili ameondoka, bili ya umeme haijaondoka.

Letu moja lilibaki na mirija ya mradi uliokwisha miaka 2 iliyopita, na tunaligharamia kutoka kwenye zile asilimia 25 za mradi mwingine. Lina king'ora kinachopiga simu joto likipanda. Namba ya kwanza ni ya fundi. Ya pili ni yangu, na umeme wa mtaa wetu hupenda kukatika saa 8 usiku.